Bibi Yako Sikuwahi Kumpima

Mwanangu Nyemo,

Barua za watu wa rika langu huanza kwa kuulizana hali, lakini sitaki kuanza kwa kuuliza ninachokijua. Hali yako ni njema. Umekwenda kusukwa nywele hapo nyumba ya tatu, na kwa jinsi yule dada anavyopenda maneno, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Mama yako naye hajambo. Hali yangu ndiyo si njema, na ndiyo sababu nimekaa mezani mchana huu na karatasi zako za shule zilizobaki.

Kesho unapanda basi kwenda Songea kuanza mwaka wako wa mafunzo hospitalini. Habari za blanketi, neti na kufunga mlango wa chumba, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena mara tatu kabla hujalala. Mimi sina la kuongeza huko. Nina jambo moja nimekaa nalo miaka kumi na mitatu, na ukiondoka bila kulijua nitakuwa nimekukosea mara ya pili.

Nianze na unachokijua. Unajua kwamba bibi yako mzaa mama alifariki ukiwa darasa la sita. Unajua alikuwa akitumia vidonge vya viungo. Na unajua, kwa sababu ulikuwa kwake likizo na uliona kwa macho yako, kwamba siku sita kabla ya kifo chake mama yako aliingia chumbani, akachukua kopo la vidonge chini ya mto, akaondoka nalo. Bibi alimsihi amwachie hata viwili, mama yako akakataa. Bibi alipoanza kutapika, wewe ndiye uliyemshikia beseni. Kisha msibani ukamsikia mama yako mkubwa akisema mbele ya watu, "Mtoto gani huyu, anamnyang'anya mama yake dawa?"

Tangu hapo mama yako unamjibu "Ndiyo, mama" na "Hapana, mama," basi. Kwangu unaleta habari zote, za mitihani, za wenzako, hata za yule kijana wa mwaka wa nne. Nimeyasikia hayo miaka yote nikijifanya nasoma gazeti.

Nyemo, mama yako alitumwa. Aliyemtuma ni mimi.

Wakati ule nilikuwa tabibu wa zahanati, mbele kidogo ya Mpwapwa, na bibi yako aliishi mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kazini kwangu. Wewe umezoea hapa Miyuji mjini, ambapo mtu anapakizana na mama mkwe wake kwenye bodaboda moja na hakuna anayegeuka kutazama. Kule kwetu Ugogoni haikuwa hivyo. Nikimwona bibi yako anakuja njiani, nilitoka pembeni nikageukia vichakani hadi apite. Tulisalimiana kupitia ukuta wa tembe, yeye ndani, mimi nje. Sikukaa kwenye mkeka wake, sikula naye, wala jina lake sikulitamka. Hiyo ndiyo heshima, na yeye aliniheshimu vivyo hivyo.

Vidole vyake vilipoanza kuvimba nikamtibu kwa mdomo wa mama yako. Mama yako alikuwa anakwenda kwao, anarudi, anasimama mlangoni na kunieleza. "Asubuhi vidole havikunjiki. Magoti yanawaka moto." Nikampa predinisoloni, vidonge vidogo vyeupe. Siku ya nne bibi alikuwa kwenye kinu anatwanga uwele. Kijiji kizima kilisikia.

Vidonge vile vilikuwa vya wiki mbili. Nilimpa miaka mitatu. Sikumfungulia kadi, sikuandika popote. Kila vilipokaribia kwisha mama yako alinikumbusha, nami nikampa vingine, na nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kisha akanenepa. Hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani ni watu wa kwetu tu tungelifanya kwa furaha kiasi kile. Sisi ni watu wa nchi ya ukame. Tumezaliwa tukisimuliwa njaa za babu zetu, na tukiona shavu limejaa tunamshukuru Mungu kwanza, maswali baadaye. Watu walimwambia, "Mama, umenawiri! Mkwe anakutunza." Siku ya mnada mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hata sisi tungezaa mabinti tukapata waganga." Nilicheka, lakini nilifurahi hadi usingizini. Siku ya kipaimara cha binamu yako nilimwona bibi kwa mbali, ng'ambo ya uwanja. Uso ulikuwa wa duara, mashavu yamepanda hadi macho yakawa madogo. Nilijipongeza.

Mama yako aliendelea kuleta habari.

"Mama anasema hawezi kunyanyuka kwenye kigoda mpaka ashike mlango."

"Uzee huo," nikamjibu.

"Ana mabaka meusi mikononi. Hakumbuki amejigonga wapi."

"Kuni hizo."

"Tumboni kuna michirizi, mipana."

"Si amezaa watoto saba?"

Kila kitu nilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa jepesi. Siku moja mama yako alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. Akasema, "Mama anakuomba uende ukamwangalie mwenyewe. Anasema maradhi hayana mkwe."

Mtu aliyeelewa heshima kuliko mimi alikuwa ameniruhusu. Nami nikacheka. Nikasema, "Mama yako anataka kunivunjia adabu uzeeni." Mama yako hakucheka.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mila ndiyo iliyonizuia. Si kweli. Pale zahanati palikuwa na muuguzi, Sista Anjelina, mwanamke mtu mzima, mwenye mikono mizuri na asiye mkwe wa mtu pale. Neno moja tu, naye angekwenda. Sikumwambia kwa sababu jambo la kwanza ambalo Sista Anjelina angeuliza ni kadi ya mgonjwa. Nilijificha nyuma ya mila kwa sababu ilikuwa karibu. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini bibi yako hakuficha chochote. Aliyeficha ni mganga wake, na kifo kikamchukua asiyehusika.

Mwaka wa tatu nikaitwa hapa mjini kwa mafunzo ya siku tano. Siku moja tulipelekwa wodini. Aliyetufundisha alikuwa daktari wa kike, mfupi, mwenye sauti ndogo, asiyetaka kuona mtu ameweka mikono mfukoni. Mgonjwa alikuwa muuza zabibu wa miaka thelathini hivi, ambaye mtu alikuwa akimuuzia vidonge vya kunenepesha. Sisi tulimtupia jicho tukasema ana sukari na presha, tukawa tayari kwenda kunywa chai. Daktari akasema, "Hamjamwona bado."

Akamwomba yule dada atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Akamwomba kadi yake ya mpiga kura, akaishika kando ya shavu lake, akatuita mmoja mmoja tulinganishe picha na uso. Walikuwa watu wawili. Akamkalisha kwenye kigoda kifupi, akamwambia akunje mikono kifuani kisha anyanyuke. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu alicheka kwa aibu akabaki chini, na daktari akampa mkono wake. "Mwili umeongezeka, lakini nyama za mapaja zimeliwa," akatuambia. "Hili hamtaliona mgonjwa akiwa amelala. Mwinueni."

Akafinya ngozi ya mgongo wa kiganja, ikanyanyuka nyembamba kama karatasi ya sigara. Akatafuta mabaka mikononi na kuuliza kila moja limetoka wapi. Akapapasa juu ya mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, mahali ambapo kila mtu ana kishimo, pakawa pamejaa. Akatazama nyuma ya shingo, pakawa pamevimba. Akabonyeza uti wa mgongo taratibu, mfupa kwa mfupa, huku akimtazama usoni aone wapi atakunja sura. Mwisho akamwomba ruhusa, akavuta pazia, na sisi wanaume tukaitwa wawili wawili. Michirizi ya uzazi hupauka na huwa myembamba. Hii ilikuwa mipana kuliko kidole changu, rangi ya zambarau iliyoiva. "Kwenye ngozi zetu msingoje rangi ya kitabuni," akasema. "Pitisha kidole. Utahisi kinazama."

Wewe umesoma yote haya kuliko mimi, lakini nataka mama yako naye ayasome, kwa hiyo nayaeleza. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Ikizidi, iwe mwili umeitengeneza wenyewe au mtu ameimeza kwa vidonge kama vile vya bibi yako, inamfanya mtu awe kama yule dada. Na vidonge vikifanya kazi hiyo muda mrefu, zile tezi hulala. Ukiviondoa ghafla haziamki kwa siku moja, na mwili unabaki hauna kitu.

Nilisimama pale wodini nikamwona bibi yako mzima mzima. Kigoda, mabaka, michirizi. Mama yako alikuwa ameniletea kila alama, moja baada ya nyingine, miaka mitatu. Alikuwa amempima mama yake vizuri kuliko mimi, bila kwenda chuo.

Sasa sikiliza, kwa sababu kosa kubwa bado sijalisema. Hadi hapo bibi yako angeweza kupona. Nilijua kwamba vidonge vile havikatwi ghafla. Usije ukajifariji kwamba baba hakujua. Nilifundishwa chuoni, na yule daktari alirudia siku ileile: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Lakini kumshusha taratibu kungechukua miezi, na katika miezi hiyo ningelazimika kueleza kwa nini anashushwa, nani alimpandisha, na kadi yake iko wapi. Nilikuwa na aibu hadi masikio yakaniziba. Nilitaka vidonge vitoweke kabla mtu hajaviona.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, "Kesho nenda kwenu. Chukua vidonge vyote. Usimwachie hata kimoja."

"Kwa nini?"

"Fanya ninavyokwambia."

"Yeye nimwambie nini?"

"Mwambie vimepitwa na wakati."

Akaenda. Yaliyofuata uliyaona wewe, mimi sikuyaona. Nilipopata habari kwamba hawezi kusimama na hachukui hata uji, nilikodi gari tukampeleka hospitali. Daktari wa zamu akauliza alikuwa anatumia dawa gani, mama yako akamtajia. Akauliza, "Nani amezikatisha?" Nilifungua mdomo. Mama yako akasema, "Mimi." Nikaufunga.

Walimchoma sindano haraka, wakamtundikia maji. Walifanya yote ambayo ningefanya mimi kama ningekuwa mtu. Muuguzi alipomfunua kumpima, mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na kanga zake mikononi, na hapo ndipo nilipouona mwili wake. Miguu myembamba ya mtoto, tumbo lenye michirizi mipana, ngozi iliyochubuka pale tu plasta ilipobanduliwa. Ndiyo siku pekee niliyomtazama mama mkwe wangu usoni, na yeye hakuwa ananitazama. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Msibani, mama yako mkubwa aliposema yale maneno, nilikuwa nimekaa na wanaume hatua kumi kutoka pale. Nilisikia vizuri. Mjomba wako alinigeukia, labda alitarajia nimtetee mke wangu. Nikaomba maji ya kunywa. Jioni ulikuja kulia magotini kwangu, nikakuambia, "Nyamaza. Siku moja utakuwa daktari, na hakuna atakayemnyang'anya mgonjwa wako dawa." Umesoma miaka yote hii kwa sentensi hiyo. Umeitaja hata kwenye sherehe ya kuhitimu, watu wakapiga makofi, mama yako naye akapiga. Sijui nilikaaje kwenye kile kiti.

Baada ya msiba niliomba uhamisho. Kila nilikohamia niliweka kigoda kifupi katika chumba cha kuonea wagonjwa, na kila mtu mzima aliyekuja na mwili ulioongezeka, presha au sukari, nilimkalisha nikamwambia akunje mikono anyanyuke. Wenzangu waliniita Daktari Kigoda. Wewe ulikicheka kile kigoda ulipokuja likizo, ukaniuliza kama nimefungua useremala. Kilinisaidia kumpata kijana mmoja wa pumu aliyekuwa akimeza vidonge vilevile, na mama mmoja wa Msalato aliyekuwa akijipaka hadi mapajani krimu ya kung'arisha ngozi yenye dawa ya aina hiyo. Wote niliwafuatilia mwaka mzima, taratibu, kila kitu kimeandikwa kwenye kadi, na wote wakapona. Nilidhani nitalala vizuri. Sikulala.

Sina cha kukufundisha kuhusu kupima, walimu wako wamekwisha kukufundisha. Ninachokijua mimi ni namna mtu anavyokwepa kupima. Unachoka, foleni ni ndefu, na ndugu wa mgonjwa amekwisha kukueleza kila kitu, kwa hiyo unatibu kile kiungo kilichotajwa. Au mgonjwa ni mke wa mkubwa wako, au ni padri, na unaona haya kumwambia afungue shati. Au amenenepa na kila mtu anampongeza, na wewe hutaki kuwa mchawi wa furaha. Mimi nilikwepa kwa njia hizo zote. Na iliyo mbaya kuliko zote ni pale ambapo moyoni unajua utakachokikuta, na ni kazi ya mkono wako mwenyewe. Ikikufika siku hiyo, Nyemo, mfunue mgonjwa, halafu sema. Nakuomba. Aibu ya siku moja ningeweza kuibeba. Hii nyingine imebebwa na mama yako.

Hapo juu nilikatiza kuandika. Nimekwenda jikoni nikamweleza mama yako ninachokifanya. Alikuwa anachagua mchele, na hakuacha.

"Usimpe," akasema.

"Kwa nini?"

"Baba Nyemo, mtoto ana mzazi mmoja anayemwamini. Unataka aondoke hana hata huyo?"

Nikamuuliza kama hilo ndilo lililomfanya anyamaze tangu siku ile. Akasema hapana. Hospitalini alisema "mimi" kwa sababu mkono uliochukua kopo ulikuwa wake, na hata leo akifumba macho anamsikia mama yake akiomba viwili. Ni baadaye, alipokuona unanifuata zahanati, unanibebea mashine ya presha, na umeanza kula tena, ndipo alipoamua. "Ulikuwa umepata kitu cha kumsimamisha mtoto," akaniambia. "Ningemwangusha ili mimi nionekane mwema?"

Miaka kumi na mitatu, Nyemo. Sijawahi kumwomba msamaha hadi leo mchana, jikoni, na hata hapo nilianza kueleza mambo ya tezi. Akanikatiza akasema, "Sema tu." Nikasema.

Nikamwambia nitakupa barua hii hata hivyo. Akarudi kwenye mchele wake. "Basi mpe leo," akasema. "Si kesho kwenye basi. Asilie peke yake katikati ya watu."

Kwa hiyo nitakupa mara tu utakapoingia, kisha nitatoka nje. Sitakuomba chochote. Ukitaka kesho nikubebee begi hadi stendi, nitalibeba. Usipotaka, nitakuaga kutoka getini, na nitaelewa. Mjomba wako na mama yako mkubwa nitawafuata kijijini Jumamosi, nitawaambia mwenyewe, mbele ya watu wale wale waliosikia. Ilinipasa kufanya hivyo kwanza, kabla ya kukuandikia wewe. Hata leo bado naanza na palipo rahisi.

Mama yako amekwisha kutoka mara mbili kuangalia kama unakuja. Mwanamke yule hakutetereka msiba mzima, aliwavumilia ndugu zake, alinivumilia mimi. Leo anaogopa, namwona, anapangusa meza iliyokwisha kuwa safi. Hajui ukimaliza kusoma utafanya nini.

Ukimaliza kusoma, usije kwangu kwanza. Nenda kwake.

Baba yako